Bundi Mlingotini

Sahibu yangu mmoja, mwenye mashua ya tanga iliyotia nanga Unguja, alipochoshwa na kunguru waliofanya kilele cha mlingoti kuwa baraza na sitaha kuwa choo, aliazimu kupanda mwenyewe, licha ya kitambi alichojaaliwa. Tukamvuta kwa kibembea cha kamba, naye huko juu, mashua ikiyumba kidogo na moyo wake ukiyumba zaidi, akalitia kapi grisi, akabadilisha pini iliyoliwa na kutu, kisha akasimika bundi wa plastiki mwenye macho makali. Ni kweli kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake; lakini hawa, ambao wazee wao waliletwa kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili wausafishe mji kwa kula taka, hawababaishwi na mkubwa asiyepepesa jicho. Kabla sahibu hajaikanyaga sitaha, mmoja alikwishatua juu ya bundi, akamnyea utosini. Basi tangu siku hiyo mlingoti una msimamizi mwenye cheo cha juu kabisa na asiye na kazi yoyote. Nasi tulio chini, tuliokwisha kuwazoea wasimamizi wa namna hiyo, twaendelea kuosha sitaha.