A ya Advance Haipatikani Kwenye Beseni

Kwa mwanafunzi wa PCM au EGM, somo la hisabati halina jina refu: ni Advance tu. Wenzetu wa PCB walikuwa na BAM yao, hisabati iliyopunguzwa makali, nao usiku walilala. Sisi tulitaka A, na A huanzia alama 80. Ili tuipate tulijaribu kila kitu kinachowezekana bwenini, isipokuwa kukokotoa.

Kwanza yalikuja mabeseni. Ilisemekana kipanga fulani aliyetutangulia, ambaye hakuna aliyewahi kumwona kwa macho, alipiga msuli usiku kucha miguu ikiwa ndani ya maji baridi, akaondoka na A tatu. Basi mabeseni ya bweni yakaacha kufulia yakaanza kusomea. Jirani yangu wa kitanda alihimili mpaka saa sita hivi. Baadaye tukasikia kishindo: kijana kalala, kapinduka na beseni lake, na maji yamekimbilia uvunguni kwa kiranja wa bweni, kwenye tranka, na ndani ya tranka kulikuwa na sukari ya muhula mzima. Mada ya uwezekano ilikuwa haijafundishwa bado, lakini uwezekano wa yeye kupona kipigo kila mtu aliukadiria vizuri.

Kisha tukamwajiri kipanga wa darasa. Alikuwa mtu wa huruma, ila huruma yake ilikuwa na bei: swali la vekta chapati moja, namba changamano chapati na chai. Akiandika ubaoni, sisi tunatikisa vichwa. Na tulielewa kweli! Hapo ndipo balaa ilipo. Suluhisho la mtu mwingine ukilitazama, kila mstari unakubalika, unaona hata wewe ungefika hapo hapo. Baki peke yako na swali lile lile na karatasi tupu, hujui pa kuanzia. Muhula ulipoisha kipanga alikuwa amenawiri mashavu na mkono wake umekuwa mwepesi ajabu, maana alikuwa ametufanyia mazoezi yetu yote, nasi tukamlipa juu.

Kuhusu waliokariri kanuni kwa kuzibandika juu ya kitanda, nitasema tu kwamba feni ilikuwepo.

Kalkuleta nayo ina kisa chake. Wakati wetu somo hili liliiruhusu, ile isiyoingizwa programu, na swali la kwanza la karatasi ya kwanza lilipima jinsi unavyoitumia. Siku moja kwenye jaribio tukaulizwa ni x ipi iliyo sawa na cos x. Jibu ni 0.739. Safu nzima ya mbele ikatoka na 0.9998, limepigiwa mistari miwili kwa kujiamini. Mwalimu akajua wameibiana, akawasimamisha.

"Nani kampa nani desa?"

"Hakuna, mwalimu. Tumeazimana kalkuleta tu."

Walikuwa wanasema kweli. Jana yake kalkuleta hiyo ilikuwa kwenye fizikia, swali la jiwe lililorushwa kwa pembe, ikaachwa kwenye nyuzi. Kalkulasi haizijui nyuzi: ukiifanyia difrensiesheni, sine hugeuka kuwa cosine, kavu kavu, pale tu pembe inapopimwa kwa radiani. Kalkuleta moja ikaangusha safu nzima.

"Hisabati nyinyi hamuisomi," mwalimu akasema, "mnaitazama kama gazeti."

Tangu siku hiyo tukakoma. Jioni alileta maswali ya mitihani iliyopita, vitabu vimefungwa, saa mezani. Kwa muundo wa wakati wetu karatasi ya kwanza ilikuwa na maswali kumi ya lazima kwa saa tatu, yaani dakika 18 kwa swali. Zikiisha, kalamu inahama, hata kama ulibakiza mstari mmoja. Alisahihisha hatua kwa hatua: mwenye jibu kosa na njia safi alipata alama nyingi, mwenye jibu sahihi lililoshuka kutoka mbinguni aliambulia kidogo sana. Ukisahau ile C ya mwisho kwenye intigresheni, alama imekwenda, na hakuna kumlilia. Swali ulilokosa ulilirudia wiki inayofuata bila kuangalia sahihisho. Tulimchukia kwa moyo mmoja, na kwa mtazamo wangu hajatokea mtu aliyetufaa zaidi yake.

Matokeo yalipotoka, yule wa beseni alipata B. Kipanga alipata A, na ilikuwa haki yake: alikokotoa maswali yake na yetu.

Kwa hiyo, mzazi mwenye kijana wa kidato cha sita, ukisikia anaomba beseni la pili, mnyime. Mnunulie rimu ya karatasi. Ina karatasi 500. Zikiisha kabla ya Mei, mwongezee nyingine.