Barua Tatu, Boti Moja

Wiki hii mfuko wa barua umenuka samaki. Zimefika tatu, zote kutoka Bukavu, na ukizisoma kwa utulivu utaona zinalia kilio kimoja.

Ya kwanza imetoka Muhumba: "Jambo Muzee. Shemeji yangu anafanya kazi Mombasa. Amenitumia picha ya samaki mwenye mdomo kama mkuki, mrefu kumshinda yeye, waliyemvua Watamu. Tangu siku hiyo usingizi umehama. Nyumba yangu inatazama ziwa, na kuna mtu anauza boti ya faiba yenye moteri ya farasi 40. Ninunue? Mimi, Mtazama Maji." Ya pili, Kadutu: "Muzee, baba watoto anataka kuuza kiwanja chetu cha Panzi anunue boti ya kutembelea siku ya Mungu. Anasema itajilipa. Nikiuliza itajilipa na nini, ananuna hadi kesho yake. Mama wa Watano." Ya tatu haina mtaa: "Nilinunua fimbo ya kuvulia ya kisasa, yenye kigurudumu na mshipi wa nailoni. Siku za Mungu tatu nimekaa kwenye mawe ya La Botte, nikapata kisamaki kimoja kama kidole. Wapita njia wanacheka. Kosa ni la chambo au la fimbo? Mvuvi wa Kisasa."

Naanza na Mvuvi wa Kisasa, kwa kuwa yeye ameshajaribu na wenzake bado wanaota. Ndugu yangu, chambo hakina kosa, na fimbo pia haina. Chombo hicho hufaa zaidi penye samaki mkubwa atembeaye peke yake, na Ziwa Kivu lina wachache wa namna hiyo. Kina cha ziwa hili kinakaribia mita 480, na mtu akiliangalia kutoka juu ya mawe hudhani huko chini kuna nyangumi. Huko chini kuna gesi. Oksijeni inaishia kiasi cha mita 60 kutoka juu; chini ya hapo ni kabonidayoksaidi na methani iliyoyeyuka ndani ya maji, ile ile ambayo Rwanda wanaivuta upande wa Kibuye kuzalisha umeme. Ukishusha ndoana mita 200, unamvulia nani? Na hata huko juu penye uhai, aina za samaki ni kama 30 tu, ilhali Ziwa Tanganyika, tunakopelekea maji yetu kwa mto Ruzizi, zipo mamia. Sambaza mwenyewe, anayejaza sahani za mji huu, ni mgeni: alitolewa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 pamoja na binamu yake mmoja. Binamu hakuota mizizi, yeye akaona pazuri akabaki. Chakula chake hasa ni vijidudu ambavyo macho yako hayavioni. Umtundikie nini kwenye ndoana? Kwenye kina kifupi, karibu na mawe na matete, tilapia anaweza kukuhurumia, na saburi ikizidi utarudi na wawili watatu. Fimbo usiitupe. Ila usiidai kitu ambacho ziwa halijaweka ndani.

Sasa ile picha ya Watamu. Samaki yule ni nduwaro, na mkubwa wake hupita kilo 200. Hutafutwa wakati wa kaskazi, kuanzia Novemba hivi hadi Machi, huko Watamu, Malindi na Shimoni kwenye mkondo wa Pemba, na wageni wenye fedha wamekuwa wakimfuata kwa miaka mingi. Mwandishi Ernest Hemingway mwenyewe alivua Malindi mwaka 1934. Lakini tusimame kidogo juu ya boti lenyewe tuangalie nani anafanya nini. Lina injini mbili, kwa sababu moja ikizimika mbali na pwani ya pili ndiyo itakayowarudisha watu kwao. Nahodha ndiye anayesoma ndege, rangi ya maji na mkondo. Mabaharia wawili ndio wanaofunga chambo, wanaopanga mishipi nyuma ya boti, na uvuvi wenyewe ni wa kurambaza, yaani boti linatembea na chambo kinafuata. Mgeni amekaa kivulini na soda yake. Samaki akishakula, mgeni anakalishwa kwenye kiti kilichokazwa kwa skrubu pale tezini, anakabidhiwa fimbo, na kuanzia dakika hiyo anaitwa mvuvi. Siku hizi wengi humtia nduwaro alama wakamwachia aende, kwa hiyo hata kitoweo hakuna. Kinachobaki ni picha. Mtazama Maji, muulize shemeji swali moja tu: boti lilikuwa la nani? Walilikodi kwa siku, kama kawaida ya pale. Aliyepigwa picha hakuwa na boti, na mwenye boti hakupigwa picha. Ndoto yako imewaunganisha watu wawili ambao hata baharini hawajuani vizuri.

Hapo ndipo hoja yangu ilipolala, na ninaitetea mbele ya wote watatu: boti inamfaa yule ambaye inamfanyia kazi kila siku, na anayetaka raha ya maji anahitaji kiti ndani ya boti ya mwingine. Kivu inatufundisha hivyo kila jioni bila ada. Tazameni mitumbwi ya sambaza ikitoka jua linapozama. Ni mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, na miti mingine imechomoza mbele na nyuma kama papasi za panzi. Wavu umening'inia chini yake. Wakifika penye samaki wanawasha taa juu ya maji, zamani karabai, sasa nyingi ni za betri, na sambaza wanapanda kuufuata mwanga hadi wavu unapoinuliwa kwa mikono ya wengi kwa mpigo mmoja. Mmoja akichelewa kuvuta, upande wake unalegea na samaki wanamwagika. Mwezi ukiwa mpevu taa haishindani nao, na watu hulala nyumbani. Ziwa hili limeumbwa kumlisha anayekuja na wenzake, usiku, na kwa kupokezana. Anayekuja peke yake mchana na fimbo limempa kidole kimoja, na sioni kwa nini litampa zaidi akiongeza moteri.

Na moteri yenyewe tuipime. Maji ya Kivu yako mita 1,460 juu ya bahari, na injini isiyosaidiwa na turbo hupungukiwa kiasi cha asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda. Farasi 40 za muuzaji, zikifika Bukavu, sita hivi wamebaki Mombasa, na farasi hawa wote, waliopo na wasiopo, wanakunywa petroli unayolipia kwa dola. Kisha kuna mlinzi wa usiku, maana moteri ya nje ya boti inafunguliwa kwa spana mbili na kupotea kabla ya alfajiri. Kisha mvua: mifuko na chupa za plastiki zinateremka kutoka mitaa ya juu, zinaelea ziwani, na nyingi zinaishia kwenye bwawa la Ruzizi ya kwanza, ambako zimekwisha kusumbua hata mitambo ya umeme. Zile zisizofika huko zinajizungusha kwenye pangaboi lako, nawe unainama nyuma ya boti, suruali ya kanisani imelowa hadi magotini, unakata nailoni kwa kisu cha jikoni huku wageni wako wakiuliza kama tumefika. Boti ya mchuuzi inapata hasara hizo hizo, ila yenyewe inazigawa juu ya siku 300 za kazi. Ya kwako itazigawa juu ya siku za Mungu ambazo hakuna mvua, hakuna harusi, hakuna matanga, na usalama haujayumba mpaka ziwa likafungwa. Hesabu hizo mwenyewe kwa vidole. Nadhani vidole vitatosha.

Mama wa Watano, mume wako amesema itajilipa, nami namheshimu hadi hapo tu. Boti hujilipa kwa njia mbili, samaki au abiria. Samaki tumeshamaliza. Ikiwa ni abiria, basi hiyo si boti ya matembezi tena, ni gari la kazi, na kazi hiyo ina makaburi. Aprili 2019 boti ilizama upande wa Kalehe, kisha tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ikazama ikiwa inakaribia kabisa kutia nanga Goma: mara zote mbili makumi ya watu hawakurudi, na ile ya Minova ilikuwa imejazwa kupita kiasi. Anayetaka kubeba watu anunue kwanza majaketi ya kuelea, moja kwa kila kiti, na ajifunze kukataa abiria wa mwisho hata akiwa mjomba. Ataniambia ziwa letu halina mamba wala kiboko. Kweli, na wote waliozama hawakuliwa na mnyama yeyote.

Kuna watakaonipinga kwa akili zaidi. Wengine watasema: tuchange, watu watano boti moja, hasara igawanyike. Wenzao watawazima na methali kwamba nahodha wengi chombo huenda mrama. Mimi nawaunga mkono wachangaji, maana methali imetaja manahodha na haikugusa wenye chombo. Wawe watano kwenye hati na mmoja kwenye usukani, tena mmoja anayelipwa na anayejua mahali mpaka wa Rwanda unapopita majini, kwa sababu pale hakuna bango na doria haisikilizi habari za pikiniki. Pingamizi lililo zito ni jingine: raha haipimwi kwa dola, Muzee, mbona hukokotoi gharama ya bia? Nakubali. Mtu akiwa na fedha asizozililia, anunue boti na aipake rangi anayotaka. Lakini kiwanja cha Panzi kinaliliwa, na aliyeandika barua ndiye anayelia. Najua kiwanja cha Bukavu nacho kina mambo yake, mvua ikija na nusu yake, au akija bwana wa pili na hati ya pili. Bado, kiwanja hakinywi petroli siku ambayo hujakitembelea.

Kwa hiyo, Mama, mwambie akodi mtumbwi wa moteri na mwenyewe wake siku moja kwa mwezi, mwende kisiwani Ibinja na watoto watano na majaketi matano, na ninyi wawili mvae pia. Akimaliza mwaka na hamu bado inachemka, tuzungumze upya. Mvuvi wa Kisasa, barabara na usalama vikiruhusu, fimbo yako ipeleke Uvira: Tanganyika kuna sangala, na huyo ndoana anaijua. Na ukitamani bahari, Moanda, ambako nchi yetu ina pwani yake ya kilomita kama 40, ni upande wa pili wa Kongo. Anayetoka hapa atafika Mombasa kwanza. Na bahari yenyewe haijatusahau: makayabu na thomson wa sokoni wametoka kwenye maji ya chumvi, na hawakumdai mnunuzi moteri.

Nawe Mtazama Maji, shemeji akija likizo mwamshe mapema, saa kumi na mbili asubuhi muwe ufukweni mitumbwi inaporudi, kabla mama wachuuzi hawajamaliza mabeseni. Nunueni sambaza wa kukaanga, pilipili iwepo. Akitaka picha, wewe shika mmoja kwa mkia, msogeze karibu kabisa na kamera, yeye mwenyewe arudi nyuma hatua tatu.