Umeuliza Lini, Umejibiwa Kilomita

Kinyozi wangu wa Kibaoni, hapa Ifakara, ana televisheni moja na wateja wenye vichwa vigumu, na kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Juni hana ruhusa ya kuweka muziki asubuhi. Ni Bunge la Bajeti. Saa tatu dua, baada ya dua maswali, na sisi tuko kwenye benchi, mwingine povu mashavuni, tunamsubiri Naibu Waziri wa Ujenzi.

Nina ugomvi na kipindi hiki cha maswali. Mbunge husimama akauliza, je, ni lini Serikali itajenga kwa lami barabara fulani? Swali la mtoto wa darasa la pili: lini. Hata "sijui" ingetosha. Naibu anakupa urefu. Barabara hiyo, Mheshimiwa Spika, ina kilomita kadhaa nukta tisa, inaunganisha mkoa huu na ule, ni muhimu kwa uchumi, upembuzi yakinifu umekamilika, usanifu wa kina umekamilika, fedha zinatafutwa. Mtu kauliza tarehe, kapimiwa kwa futi kamba. Meza zinagongwa, Hansard inaandika "(Makofi)".

Nisiwe mnyimi wa shukrani, vingine vimekuja. Mto Kilombero tulikuwa tukiuvuka kwa kivuko, kikazama Januari 2016, na Mei 2018 tukafunguliwa daraja la mita 384. Leo mtu wa Mahenge anafika Ifakara bila kusali njiani. Kutoka Kidatu mpaka hapa, kilomita 66.9, lile vumbi lililokuwa likitushusha garini sote rangi moja limefunikwa lami. Tena Juni 2023 pale Dodoma ilisainiwa mikataba ya barabara saba, jumla kilomita 2,035, ambamo mkandarasi angesanifu, angejenga, na fedha angezitafuta mwenyewe. Ya kwetu ilikuwa kilomita 435 na ushei: Kidatu, Ifakara, Lupiro, Malinyi, Londo, mpaka Lumecha kule Ruvuma. Nilifurahi. Angalau kazi ya kutafuta fedha sasa ilipata mtu mwingine.

Ila huwa nikiifikiria reli napandwa na hasira. TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilitandikwa kati ya 1970 na 1975, ikapita hapahapa Ifakara na Mlimba, kwenye matope yaleyale na mvua zilezile. Kila mara namkumbusha kinyozi jambo hilo, naye kila mara ananikumbusha nisitikise kichwa.

Asubuhi moja, baada ya Ujenzi, ikaja zamu ya Wizara ya Katiba na Sheria. Mbunge kauliza lini wananchi wake watajengewa mahakama ya mwanzo. Hapa kilomita hazikuwepo, basi Naibu akatoa majengo: yaliyokamilika, yanayoendelea, yaliyomo kwenye mpango. Benchi zima likanigeukia, maana mwenye kesi pale ni mimi.

Ni kesi ya mpaka wa shamba la mpunga. Tulianzia katani. Mabaraza ya kata tangu 2021 hayaamui tena migogoro ya ardhi, yanasuluhisha. Tukasuluhishwa, tukapeana mikono, jirani akatoka pale akaenda kulima ndani ya majaruba yangu. Ndipo nikapanda ngazi. Mwaka huohuo wa 2021 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama hadi huko juu, si mahakama za mwanzo peke yake, na mimi naliheshimu sana jambo hilo. Zamani mtu angeweza kutoka nje hajui kilichosemwa, akajipa moyo kwamba labda ameshinda. Sasa nasikia kila neno: shauri limeahirishwa.

Kisa? Shahidi wangu ni mjomba, na mjomba yuko Mlimba. Masika yakikolea gari linakwama, abiria wanashuka kusukuma, na mzee akija kufika Ifakara kesho yake anakuta tarehe nyingine imeshapangwa. Kwa hiyo lile swali la Ujenzi na hili la Sheria, kwetu ni swali moja. Bungeni lina namba mbili, wizara mbili na manaibu wawili, kila mmoja anaijibu nusu yake kwa ufasaha kabisa. Natamani siku moja Spika awasimamishe pamoja: je, ni lini mjomba atafika mahakamani? Najua wangeanzia kwenye kilomita.

Jioni hiyo mjomba akapiga simu mwenyewe. Shauri ni Jumatatu, magari hayapiti, kuna kijana wa bodaboda anataka elfu hamsini kumfikisha. Je, namtumia lini?

Ilinitoka tu. Nikamwambia umbali kutoka Mlimba mpaka Ifakara ni mrefu, shahidi huyo ni muhimu sana kwa shauri, tathmini ya nauli imekamilika, na fedha zinatafutwa.

Nilisahau kwamba mjomba ana redio.

"Pamoja na majibu mazuri ya mpwa wangu," akasema, "nina maswali mawili madogo ya nyongeza."