Huku Honi Imestaafu, Mjomba

Utrecht, Uholanzi

Kwako Mjomba,

  Uliniuliza kwenye simu kama huku kuna kazi ya udereva, maana ile Hiace imekuchosha. Kazi zipo. Ila nakusihi usije. Wewe na waendesha baiskeli wa nchi hii hamtamaliza wiki bila kufikishana mahakamani.

Watu hapa hawafiki milioni 19, baiskeli zinapita milioni 20. Chini ya uwanja wa stesheni ya reli ya Utrecht pana maegesho ya ghorofa tatu yanayomeza baiskeli 12,500. Nilimkuta humo mzee mmoja wa suti, ufunguo mkononi, amesahau alipoiweka yake. Anapita akigusa kengele hii na ile, sijui alitaraji ya kwake imwitikie.

Waendesha baiskeli wana njia zao zenye lami nyekundu. Halafu kuna mitaa yenye kibao kinachosema wazi kwamba gari ni mgeni. Basi utaliona gari la bei mbaya linatambaa nyuma ya bibi kizee, kikapu kimejaa viazi, naye wala hageuki. Dereva kimya. Wewe ungekuwa umeshapiga honi mpaka bibi aingie mtaroni na viazi vyake.

Usidhani madereva wamezaliwa na adabu hiyo. Ni sheria yao ya barabarani, kifungu cha 185. Gari likimgonga mwenye baiskeli au mtembea kwa miguu, mzigo ni wa mwenye gari na bima yake, labda athibitishe kwamba hakuwa na namna yoyote ya kuepuka, na kuthibitisha huko si mchezo. Hata mwenye baiskeli akiwa na makosa, kwa kawaida analipwa angalau nusu. Akiwa mtoto wa chini ya miaka 14, ndiyo kabisa, analipwa yote. Ule utetezi wako wa "kaingia mwenyewe" huku haukupatii hata kikombe cha kahawa.

Na zamani hawakuwa hivi, hili nalisema bila mzaha. Mwaka 1971 barabara zao ziliua zaidi ya watu 3,000, watoto wakiwa zaidi ya 400. Mwandishi wa habari Vic Langenhoff, aliyefiwa na binti yake, akaandika gazetini mwaka 1972 akitaka mauaji ya watoto yakomeshwe. Wazazi wakaja juu, wakafunga mitaa. Mwishoni mwa 1973 nchi za Kiarabu zikawanyima mafuta, serikali ikapiga marufuku magari siku za Jumapili, watoto wakacheza katikati ya barabara kuu. Wakaonja utamu.

Lakini kilichonikuna zaidi ni mlango. Jirani yangu anamfundisha binti yake gari. Akitaka kushuka, haruhusiwi kufungua kwa mkono ulio karibu na mlango. Ni lazima uvuke ule wa mbali. Jaribu uone: bega linazunguka, shingo inafuata, macho yanatua nyuma yenyewe, na kama kuna baiskeli inakuja unaiona kabla hujaigonga na mlango. Mara ya kwanza binti alinuna, sasa anafanya bila kukumbushwa. Huku dereva hukaa kushoto, kwa hiyo hutumia mkono wa kulia. Wewe unayekaa kulia utatumia wa kushoto, na usione haya, mlango si pilau.

Wala waendesha baiskeli hawa si malaika. Mmoja kashika mwavuli, mwingine anakokotwa na mbwa, wa tatu yuko kwenye simu ingawa imepigwa marufuku tangu Julai 2019. Mtalii akikanyaga lami nyekundu hupigiwa kengele, kisha matusi, na matusi yao ni ya hospitali: mtu mzima mwenye tai anakutakia kipindupindu na homa ya matumbo! Dereva anavumilia yote hayo kwa sababu naye ana baiskeli kwake, na kesho huenda ni yeye anayepambana na upepo huku Hiace za watu zikimpumulia kisogoni.

Tanga yetu ni tambarare hivyohivyo, baiskeli tele. Anza na mlango tu, mjomba, hauna gharama.

Shangazi ananiuliza kila siku kama nimenunua gari. Mwambie nimenunua chombo cha mizigo, kinabeba watoto wawili na unga, bei yake inapita bodaboda mpya, na kwamba madaktari na mawakili wa hapa wanaendesha kama hicho. Akitaka picha, mwambie mtandao unasumbua. Asije akaona ni guta.

Wasalaam,
Mpwa wako