Sifa za Faili Lenye Nukta

Wengine na wasifu ng'ombe wa Masisi na jibini lake. Mimi namsifu mnyonge ambaye hata kompyuta yake mwenyewe humficha: faili la mipangilio katika Linux, lile lenye jina linaloanza kwa nukta.

Mtukufu hasifiwi bila nasaba. Siku za mwanzo za Unix, babu wa Linux, amri ya ls inayoorodhesha mafaili ilitakiwa ifiche majina mawili tu: nukta moja, yaani folda ulimo, na nukta mbili, yaani folda ya juu yake. Mwandishi wa programu akapima herufi ya kwanza peke yake, akaona yatosha, akaenda zake. Ndivyo anavyosimulia Rob Pike, aliyefanya kazi Bell Labs, ilikozaliwa Unix. Ukoo mzima wa .bashrc, .vimrc na .ssh umetokana na uvivu huo. Kuna wafalme wenye asili mbaya zaidi.

Tena ana haya. Andika cp -r * na njia ya flashi ili unakili vyote humo: picha za harusi zitapanda, nyimbo zitapanda, hata barua za kuomba kazi zilizokataliwa. Yeye hasukumani. Kinyota hakimwiti, basi anabaki. Utamkumbuka utakapowasha mashini nyingine kule Goma, vidole vimezoea kibodi ya Kifaransa, ukagonga A ikatoka Q, kwa kuwa mpangilio wa kibodi ulibaki naye.

Na kiburi anacho, kama wakubwa wote. Flashi nyingi za sokoni zina mfumo wa FAT32, ambao haujui nani anaruhusiwa kusoma nini. Mbebe hivyo hivyo ufunguo wa .ssh, umrudishe, ssh itamkataa kwa kuwa yuko wazi kwa kila mtu. Anadai afungwe kwanza kwa tar, kifurushi kinachokumbuka ruhusa zake. Katika mizigo yote, hata godoro halijawahi kudai hivyo.

Lakini hapa Buleusa, katika eneo la Walikale, Kivu Kaskazini, mega zinanunuliwa kwa kuhesabu na mashini inakula jua, kwa hiyo namsifu hasa kwa wepesi. Mazoea ya miaka mingi yanaingia katika kilobaiti chache. Picha moja ya simu ni nzito kuliko ukoo wote. (Sisemi .config: humo kivinjari hunenepa bila aibu, chagua unachotaka.) Watu wa Walikale na Masisi wanajua kufunga mizigo upesi wakati wa kukimbia: sufuria, blanketi, kadi ya mpiga kura ambayo kwetu ndiyo kitambulisho. Yeye, ndani ya flashi, anakaa nyuma ya kadi hiyo, haombi nafasi.

Nimalize na ndugu yake .bash_history, mwaminifu kupita wote. Amri nyingi ulizoandika anazikumbuka, pamoja na nywila uliyoiandika mahali pasipofaa usiku ukiwa umechoka. Mpeleke kwenye hifadhi ya Git iliyo wazi kwa umma, naye atamsomea kila apitaye, neno kwa neno.