Raha ya Simu ya Intaneti

Mfanyabiashara wa pweza wa Kilwa Masoko anayekataa kuhamishia simu zake kwenye intaneti ana ubishi tu. Hesabu iko wazi: sauti inakatwa vipande, inasafiri kama barua pepe, na mnunuzi wa Dubai anapatikana bila gharama za simu ya kimataifa. Linahitajika bando tu. Na umeme. Na mnara ulio hai. Na kebo nzima chini ya bahari.

Wachokozi watataja Mei 2024. Mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi pale Somanga. Siku chache baadaye, tarehe 12, kebo za EASSy na SEACOM nazo zikakatika baharini. Uratibu wa kupigiwa mfano! Lori likwame, simu ikae pembeni bila hata kulikera kwa maswali.

Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, habari za kwenda Uarabuni zilisubiri kusi. Leo upepo hausubiriwi na mtu. Kinachosubiriwa ni kiduara kinachozunguka kwenye kioo. Hilo kusi, kwa ushamba wake, lilikuwa linajulikana mwezi wa kuja.