Shujaa, Subiri Ufe

Huku Matayos, Busia, mwanajeshi mstaafu akitaka kuheshimiwa, dawa ni moja: afe. Siku ya mazishi hema litakodishwa, viti vya plastiki vitapangwa, na mheshimiwa atafika amechelewa, anyakue maikrofoni, amsifu shujaa ambaye jina lake amelisoma sasa hivi kwenye ratiba. Akiwa hai, shujaa huyo huyo alikuwa akiambiwa kwenye dirisha la pensheni, "Mzee, rudi Jumatatu."

Tusiilaumu serikali ya leo pekee. Dharau hii ni mali ya urithi. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, Waingereza waliwashukuru wanajeshi wao wazungu: mpango wa 1919 uliwagawia mashamba katika nyanda za juu za Kenya, tena kwa bahati nasibu. Mwafrika naye hakusahauliwa. Alivishwa shingoni kipande, yaani kitambulisho cha lazima. Wapagazi wa Carrier Corps, waliokufa kwa maelfu, wengi zaidi kwa kuhara na malaria kuliko kwa risasi, walipewa mtaa wa Nairobi, Kariokor, uhifadhi jina lao, na sanamu katikati ya jiji. Sanamu ina faida zake: haili, haiugui, haiulizi pensheni.

Mwaka 2022 tukapata sheria kamili ya wanajeshi wastaafu. Nzuri sana, ina kurasa. Na kila Oktoba 14, Siku ya KDF (Jeshi la Ulinzi la Kenya), inayokumbusha operesheni ya Somalia ya 2011, hotuba husomwa. Muulize mstaafu yeyote wa hapa kama amealikwa. Atakwambia Somalia alialikwa. Kwa hafla ya hotuba, kadi bado haijafika.